Namna ya kufundisha vijana wa mtaani maadili kwa kuwapa dhamana kwenye timu yao

Kama mtaani kwako kuna madogo wanakusanyika jioni kucheza mpira basi pa kuanzia unapo tayari, huhitaji ukumbi wala projekta wala mgeni rasmi. Mi nipo Dar, upande wa Temeke, na huku kila mtaa una timu yake hata kama uwanja wenyewe ni kipande cha mchanga kati ya nyumba mbili na goli ni mawe, na mabinti nao wana netiboli yao au wanaingia kwenye mpira huo huo. Haya ninayoandika ndo tunayofanya na vijana wa miaka kama 12 mpaka 19, na nayaandika kwa mzazi mwenzangu, ustadhi wa madrasa, mwalimu wa sandei skuli, kocha wa mtaani, yeyote anayeona watoto wa jirani wanakua na anajisikia ana wajibu nao.

Mafundisho mengi ya maadili yanaishia mdomoni. Tangu Januari 2024 shule zetu Tanzania zimeanza mtaala mpya na ndani yake kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, naliunga mkono kabisa, lakini somo lina mtihani na mtihani unapima kama mtoto analijua jibu. Dogo anaweza akakuandikia maana ya uaminifu, faida zake tano na mifano juu, alafu kesho ukimtuma dukani chenji hairudi yote. Mara nyingi huyo mtoto hajaharibika, hajawahi tu kushika kitu cha watu ambacho watu wenyewe watakuja kumuuliza. Wazee wetu hili walilijua vizuri, kwenye jamii zenye jando na unyago kijana akitoka kule alikuwa anahesabiwa mkubwa na anapewa kazi za wakubwa, na kila mtu anajua kuanzia sasa huyu anaulizwa. Sisi tumebaki na mawaidha, kile cha kuulizwa tumekiacha njiani.

Kwa hiyo njia yetu ni hiyo moja, mpe kijana dhamana ya kweli, mbele za watu, kisha muulize hesabu yake.

Kabla hujaanza

Nenda kwa mjumbe wenu wa shina na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, jitambulishe, sema unataka kufanya nini na vijana, siku gani, saa ngapi, wapi. Alafu pita kwa wazazi nyumba kwa nyumba, usiishie kumtuma mtoto "kamwambie mama", nenda mwenyewe ukae, mzazi akuone sura. Atakuuliza maswali na ana haki ya kuuliza, maana mtu mzima anayekusanya watoto wa watu lazima aulizwe.

Msimamizi asiwe mtu mmoja. Wawe wawili na kuendelea, na mmoja awe mwanamke, mabinti wana mambo ambayo hawatakuambia wewe kaka hata uwe mwema vipi. Mtoto haingii chumbani kwa msimamizi peke yake, msimamizi hamtumii mtoto meseji za usiku, safari ya mechi ya mbali mzazi anajua wanarudi saa ngapi na nani anawarudisha. Na hayo yote waambieni watoto wenyewe kwa sauti, wajue kwamba msimamizi akivunja hata moja wana ruhusa ya kusema, na wapewe namba 116 ya kusaidia watoto ambayo kupiga ni bure, na wajue vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Sehemu hii usiiruke, ndo somo la kwanza lenyewe, watoto wanaona kumbe sheria inaanza na mkubwa.

Kugawa dhamana

Kaeni chini na vijana muandike kila kitu ambacho timu inahitaji ili iishi wiki moja. Kuna hela, kuna mpira na pampu na jezi, kuna mahudhurio, kuna uwanja wa kuokotwa vigae na chupa kabla ya mazoezi ili mtu asikate mguu, kuna maji ya kunywa na kiboksi cha bandeji, kuna kwenda kuongea na timu nyingine kupanga mechi. Kila kimoja kina mtu wake, jina linaandikwa, linabandikwa au linasomwa mbele ya wote.

Dhamana iwe ya kweli. Ukimfanya kijana "balozi wa nidhamu" hujampa kitu, hakuna kinachoharibika akilala. Ukimpa pampu na mpira basi siku asipokuja hamchezi, watu thelathini wanasimama mchangani wanamsubiri yeye, na hiyo ataikumbuka kuliko maneno yako yote. Na wewe siku hiyo usikimbie nyumbani kuleta mpira wako wa akiba. Waache wakae wasubiri, wakimwona anakuja wamuulize wao.

Usiwape vyeo wale wapole peke yao. Yule mtukutu anayegombana na kila refa mpe kitu cha kutunza, funguo ya kiboksi kwa mfano, mara nyingi watoto wa namna hiyo wameshazoea kuitwa wabaya na hakuna aliyewahi kuwaamini na chochote. Wengine watakuangusha, wengi utashangaa. Kila miezi mitatu mnabadilishana ili asiwepo anayejiona mwenye timu.

Na hili la mabinti nalisisitiza, wasigeuzwe wafua jezi. Jezi anafua aliyeivaa. Kama kuna kijana wa kiume hajui kufua basi hapo ndo pa kujifunzia, na mabinti washike hela, wasimame kuongea na wageni, waendeshe kikao. Kijana wa miaka 14 akizoea kuona mwenzake wa kike anasoma hesabu na anaulizwa maswali ya maana, heshima unayotaka kumfundisha imeanza kuingia bila ya wewe kuitaja.

Hela

Hapa ndo penye darasa kubwa kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mchango uwe mdogo kiasi kwamba hata mtoto wa mama ntilie anaweza, kwetu ni jero (shilingi mia tano) kwa wiki, na asiye nayo anasema sina na anaandikwa hana, hafukuzwi wala hachekwi, anaweza kulipa kwa kufika mapema kusafisha uwanja. Mnunue daftari kubwa la kaunta buku, mchore safu nne, tarehe, zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Hela zikae kwenye kiboksi cha bati chenye kufuli, kiboksi kinalala kwa mmoja na funguo inalala kwa mwingine, daftari lina wa tatu. Mkitumia simu sawa, lakini makato ya kutolea nayo yaandikwe, maana hapo ndo watu wazima huwa wanapotezea hesabu.

Kila Jumapili jioni hela zinahesabiwa mbele ya wote. Kila Jumapili, hata kama imeingia buku mbili tu, hata kama mmefungwa na watu wana hasira. Mweka hazina anasoma, anamwaga hela kwenye kanga, anahesabu kwa sauti, wenzake wanaangalia.

Siku moja daftari lilisema 41,500 na kwenye kanga zilikuwepo 38,000. Dogo aliyekuwa na hesabu akawa kimya, anakunja kona ya ukurasa anaikunjua, kapteni akamwambia rudia, akarudia, zikatoka zile zile. Mmoja nyuma akasema "kala huyo." Hapo msimamizi ndo una sekunde chache za kuamua hili liwe somo au liwe aibu ya maisha. Neno mwizi halitamkwi. Vile vile usitoe elfu tatu na mia tano mfukoni kwako ukafunika, kwa sababu utakuwa umewafundisha wote kwamba kuna mkubwa huwa anafidia. Muulize kwa sauti ya kawaida maswali haya, zilitakiwa kuwa ngapi, ziko ngapi, tofauti imeenda wapi, unairudishaje. Yule dogo akasema, "Nilimpa mdogo wangu nauli ya shule wiki nzima, nikajua mama atanirudishia kabla ya leo." Ilikuwa kweli, na bado hela haikuwa yake. Tukawaachia wenzake waamue na wao wakaamua vizuri kuliko ambavyo ningeamua mimi, kwamba atarudisha jero kila wiki juu ya mchango wake mpaka iishe, kwamba daftari aendelee nalo, na kwamba mwenye shida ya nauli aseme kwenye timu kabla ya kugusa kiboksi. Likaandikwa kama deni, na kila Jumapili likawa linasomwa likipungua mpaka likafutwa kwa kalamu nyekundu, akalifuta mwenyewe.

Baada ya kitu kama hicho ndo sasa unaweza kuongea habari za rushwa na watoto wakakuelewa. TAKUKURU, ile taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, wana klabu za wapinga rushwa mashuleni, kama wenu wako kwenye klabu waulizeni wanajifunza nini huko mlinganishe na kiboksi chenu. Alafu mkutano wa hadhara wa mtaa ukiitishwa wachukue, wakae nyuma kwa adabu, wasikilize mapato na matumizi yakisomwa. Kijana ambaye amesomewa hesabu kila Jumapili na yeye akasoma, anasikia mara moja mahali ambapo zilizoingia zimetajwa na zilizobaki hazikutajwa. Akinong'ona kukuuliza mbona hawajasema zimebaki ngapi, mwelekeze namna ya kunyoosha mkono na kuuliza kwa heshima, "Shikamooni wazee wangu, naomba kuuliza." Wajibu kwa jamii ndo unaanzia hapo, mtu kujua kwamba mali ya wote na yeye ni mwenyewe.

Kazi za mtaa zisiwe adhabu

Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, na kwenye wazo lile shule iwe na shamba na wanafunzi wafanye kazi kama sehemu ya jamii inayowalisha. Wazo zuri sana. Ila kwenye shule nyingi tulizosoma sisi jembe na fagio viligeuka kuwa adhabu, umechelewa namba nenda kafyeke, umeongea kiswahili kwenye shule ya inglishi midiamu nenda kasafishe choo, na mtoto akamaliza shule akijua kitu kimoja kwa uhakika, kwamba anayesafisha ni aliyekosa. Alafu tunashangaa kijana anatupa chupa ya maji dirishani kwenye daladala na ukimsemesha anakuona unamdhalilisha.

Kwa hiyo kwenye timu yenu mtu akikosa arekebishe alichokosea. Kapoteza jezi atafute nyingine, katukana mwenzake amwombe radhi pale pale alipomtukania. Kazi ya mtaa usiitumie kumwadhibu mtu hata siku moja, na siku ya kazi wa kwanza kushika koleo awe msimamizi na kapteni.

Chagueni kazi moja ndogo ya kudumu. Kampeni kubwa ya siku moja yenye fulana na spika inafurahisha ila kesho yake imeisha. Sisi tunashauri mfereji, kipande kimoja cha mfereji kuanzia duka fulani mpaka kona fulani, kiwe chenu mwaka mzima, na mnakisafisha hasa kabla ya masika ya Machi mpaka Mei na kabla ya vuli ya Oktoba. Mkiunganisha na ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ya usafi inakuwa rahisi zaidi kwa kuwa majirani nao wako nje. Waelezeni vijana kwa nini, mfereji ukiziba maji ya mvua yanaingia vyumbani, yanachanganyika na ya chooni, kipindupindu kinapata njia. Na msiingie mikono mitupu, kwenye mifereji yetu kuna chupa zilizopasuka, nyembe na hata sindano, kwa hiyo glavu nene na buti ni lazima, hela ya kiboksi inunue hizo kabla ya jezi mpya, na kama hamna glavu siku hiyo hamzibui. Watu wa Upareni na Kilimanjaro wana msaragambo wao, kazi ya pamoja ya barabara na mifereji ya maji, mkiwa na mzee wa huko mtaani mwiteni awasimulie inavyokwenda, vijana wanapenda kusikia kwamba kitu wanachofanya kina asili.

Kwa wazee na wagonjwa nendeni pia, ila mkaulize kwanza. Madogo wetu walienda kwa bibi mmoja na ndoo zao kumchotea maji, wameshapanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu, karibuni. Maji nnayo, kanichotea huyu wa hapa. Nyie mnajua kusoma? Nisomeeni hizi dawa."

Akatoa mfuko wa dawa za presha, kila pakiti imeandikwa kwa peni "moja mara mbili", "moja mara moja", yeye alikuwa anakumbuka kwa rangi ya kidonge na duka la dawa lilikuwa limembadilishia rangi. Wakakaa naye, wakamsomea, binti mmoja akamchorea jua kwenye pakiti ya asubuhi na mwezi kwenye ya usiku. Ndoo zikarudi tupu. Ukienda kwa mtu na msaada ulioupanga wewe unaweza kumpita kabisa, na hili kijana akilijua mapema atakuwa kiongozi wa tofauti.

Masharti mawili ya lazima kwenye ziara hizi. Hakuna kupiga picha mtu akipokea unga au sabuni, hata kwa nia nzuri, hata kwa stetasi ya masaa machache, mzee wa watu ana wanae na wakwe zake wanaoiona hiyo picha. Na hakuna kijana kushika namba ya siri ya simu ya mzee, wakiombwa kusaidia kutoa hela wamsindikize kwa wakala, mzee abonyeze mwenyewe au awepo mtu wa nyumbani kwake.

Simu na mikeka ya kubeti

Hapa nitapita haraka. Grupu la WhatsApp la timu liwe la ratiba na hesabu, wazazi wawili watatu wawemo. Wekeni sharti kwamba picha ya mtu haisambazwi bila yeye kukubali, na zile video za siri za watu zinazoitwa konekisheni anayeipokea anafuta na hapeleki mbele. Waambieni wazi kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na kusambaza picha za ngono ni kosa, lakini msiishie kwenye kutisha, waulize huyo binti kwenye video kesho anaendaje sokoni, anaingiaje darasani. Waacheni wajibu wenyewe.

Kubeti ni ishu kubwa na kisheria chini ya miaka 18 haruhusiwi. Kukataza tu hakusaidii maana wanatumia laini za kaka zao. Tulichoona kinasaidia ni daftari lile lile, mwambie kijana aandike kwa mwezi mzima kila alichoweka na kila alichopata, bila kugombezwa, mwisho wa mwezi ajumlishe mwenyewe. Namba anaiona.

Siku ya mamluki

Itafika siku mko kwenye ligi ya mtaani, fainali, zawadi ni mbuzi na jezi, na mtu atakuja na wazo la kuchezesha mamluki, kijana wa miaka 22 mwenye mwili mdogo kwenye mashindano ya chini ya 17. Mara nyingi atakayeleta wazo ni mtu mzima, tena mwenye kuipenda timu kweli, na atasema wenzetu nao wanao watatu.

Siku hiyo iwekeni mezani mbele ya vijana wote, waongee, wapinge, atakayesema tumchezeshe asikilizwe mpaka amalize kwa sababu wengi wanalifikiria hilo hilo. Uliza nani anakaa benchi ili mamluki aingie, mtaje kwa jina, yupo pale amekaa na njumu zake. Uliza kombe likija tutamwambia nini mtu akituuliza. Kwenye hili lakini msimamizi usijifiche nyuma ya kura, wakipiga kura ya kudanganya wewe sema wazi mi jina langu kwenye fomu hiyo siandiki, kwa kuwa mtoto anaangalia sana mkubwa anafanya nini pale ambapo uaminifu unamgharimu mbuzi. Mkifungwa mmefungwa, wanunulieni soda kwa hela ya kiboksi na iandikwe.

Wakifika 18

Usiwaache hapo, maana umri huu ndo wengi wanapotelea vijiweni. Wasindikize wajiandikishe kwenye daftari la wapiga kura zoezi linapopita. Waelekeze kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, ni mikopo ya vikundi kwa hiyo vijana waliozoea vikao na mahesabu tangu wadogo wana pa kuanzia, waende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata wapewe utaratibu wa wakati huo.

Na waende kuchangia damu kama timu. Mwenye miaka 18 mpaka 65, uzito kuanzia kilo 50, mwenye afya njema, mwanaume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu na mwanamke baada ya minne. Wale chakula kabla ya kwenda, wanywe maji ya kutosha, na siku hiyo hakuna mazoezi. Wale ambao bado hawajafikisha umri waende nao wakae kwenye benchi wakisubiri wenzao, wabebe maji na soda, na yule anayeshika daftari la mahudhurio mwezi huo aandike waliochangia na tarehe yao ya kurudi ili mwenye zamu baada yake awakumbushe.